Pipa la Mama Mkwe

"Iko pipani, mwanangu. Fungua Pipa uitafute."

Hapo ndipo tulipoachana, msomaji, na najua kuna waliolala vibaya. Mama Mkwe amesimama mlangoni mwa ofisi, miwani kichwani, kikombe cha chai mkononi. Bi Harusi ameketi mbele ya kompyuta, kidole bado kiko juu ya kipanya. Na Pipa lenyewe, lile analotakiwa kulifungua, ametoka kulimwaga sasa hivi. Kisanduku cha barua pepe cha karakana, kilichojaa hadi barua za wateja zikawa zinarudishwa kwa wenyewe, sasa kilikuwa cheupe na chepesi. Nafasi ilikuwepo tele. Barua ndizo hazikuwepo.

Kwa wewe uliyekuwa safarini, au unayelisoma gazeti hili begani kwa jirani aliyelinunua, nitakuchotea upesi. Karakana hii ya ngazi za chuma ni ya familia. Mwenyewe ni Mama Mkwe, tangu mumewe alipofariki. Mwanawe mkubwa ni msimamizi, na mafundi humwita Meneja. Mdogo wake ni fundi wa kuchomelea, jina lake la kazi ni Cheche. Bi Harusi ni mke wa Meneja. Aliletwa ofisini kushika simu na barua pepe kabla hina haijatoka vidoleni, na ingawa sherehe imeshasahaulika, jina hilo limemganda.

Sasa kuna ngazi moja imemvunja mtu. Ni ile ya nje ya ukumbi wa mikutano. Kipandio kilipinda chini ya mguu wa mama mmoja msafishaji, akaanguka, akavunjika nyonga. Mkaguzi alipopima akakuta bamba la milimita tatu mahali palipotaka la sita. Mchoraji wa jengo anaapa aliagiza sita. Mama Mkwe anaapa mchoraji aliagiza tatu, kwa barua pepe aliyoisoma kwa macho yake. Mchoraji hana cha kuonyesha, kwa sababu kisanduku chake nacho kilijaa, akakitelekeza na kufungua kingine, na kile cha zamani kikafungwa na vyote vilivyokuwa ndani. Basi ushahidi umebaki upande mmoja tu. Usipopatikana, mwenye kosa ni yule aliyechomelea, yaani Cheche. Mkaguzi anakuja mchana huu kulifunga faili lake, na likifungwa hivyo lilivyo, Cheche anakwenda mahakamani.

Umenipata? Twende.

"Mama," alisema Bi Harusi polepole, "barua muhimu kama ile, inafanya nini kwenye Pipa?"

Mama Mkwe alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini chumvi inakaa jikoni.

"Ingekaa wapi tena? Barua ambayo hujaijibu inakaa mezani. Ukishaijibu, inaingia Pipa. Ndivyo tulivyofanya mimi na marehemu tangu kabla hujazaliwa."

Akanyoosha kidole pembeni. Kwenye kona ya ofisi lilisimama pipa la bati, refu hadi kiunoni, ambalo marehemu alilifua kwa mikono yake. Humo ndimo zilimokuwa zikitumbukizwa karatasi zote zilizokwisha kujibiwa, za zamani chini, mpya juu, na hakuna aliyewahi kuzichoma. Ukitaka ya mwaka fulani unazamisha mkono hadi bega na kuibuka nayo. Siku ilipoletwa kompyuta, mke na mume waliona pale pembeni mwa skrini kuna picha ndogo ya pipa, wakatazamana wakacheka. Waliona waliotengeneza mashine hii ni watu wenye akili kama wao. Tangu siku hiyo kila barua pepe iliyojibiwa ilisukumwa pipani kwa heshima zote.

Bi Harusi alikuwa akiliona pipa la bati kila siku. Alikuwa ameliwekea printa juu yake.

Na alikuwa akimwona Mama Mkwe akizisukuma barua pipani moja moja. Alidhani anatupa. Ungedhani nini wewe? Usimcheke mkaza mwana wa watu. Nawe simu yako imejaa picha za chakula ulichokula na kukisahau, na siku ikikuambia haina nafasi unafuta kwa hasira bila kutazama.

"Mama," akasema. "Pipa nimelimwaga."

"Umelimwagia wapi?"

Swali lile lilimchoma kuliko tusi. Mama Mkwe kweli alikuwa akingoja kuambiwa mahali, aende akaokote.

"Hakuna mahali, Mama. Likimwagwa, zinapotea."

Kikombe kilishuka mezani chenyewe. Mama Mkwe hakufoka. Alivuta kiti cha wageni akakaa, akaiteremsha miwani machoni, akaitazama skrini ile tupu kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nani alikuambia ulimwage?"

Aliyemwambia ni mumewe. Asubuhi ya leo, kabla ya chai, Meneja alisimama nyuma ya kiti chake akalalamika kwamba wateja wanapiga simu barua zao zinarudi, akamwonyesha kwa kidole pa kubonyeza: pale, mke wangu, limwage lote, nafasi itapatikana. Alimbusu kisogoni akaondoka. Lakini mke hamuuzi mumewe kwa mama yake kwa swali la kwanza. Bi Harusi akasema kisanduku kilikuwa kimejaa, naye alikosa la kufanya.

Mara Meneja mwenyewe akaingia, shati limenyooka, kalamu mfukoni. Aliambiwa yaliyotokea. Alishika kichwa, akatikisa, akasema maji yakimwagika hayazoleki, na kulia hakutamrudishia mtu barua. La busara sasa ni kukaa na kupanga namna ya kuongea na mkaguzi kwa upole, na kumtafutia Cheche wakili mzuri. Alisema yeye binafsi hajui lolote lililoandikwa kati yao na mchoraji, maana mambo ya barua tangu zamani ni ya Mama.

"Sitaki wakili," alisema Mama Mkwe. "Nataka barua."

Bi Harusi naye alishaishika simu yake. Aliipigia kampuni inayowakodisha kisanduku, akaambiwa asubiri, akawekewa muziki. Hakuna kinachotesa kama muziki wa kusubiri mtu anapounguliwa. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Aliizunguka meza. Huku nyuma alisikia mama na mwana wamesogea barazani wanaongea kwa sauti za chini, halafu viatu vya Meneja vikishuka ngazi kwa haraka.

Mwishoni akaja dada wa huduma kwa wateja, sauti laini, jibu gumu. Pipa likishamwagwa, limemwagwa. Wao wanakodisha chumba tu, vyombo ni vya mpangaji. Kuna huduma ya kuhifadhi nakala za barua zote kando, mahali ambapo hata ukimwaga hazipotei, na kumbukumbu zake zinaonyesha karakana ilishauriwa kuichukua zaidi ya mara moja, na kila mara mama mmoja mwenye msimamo alijibu kwamba hawaihitaji kwa kuwa Pipa lipo.

Bi Harusi alifumba macho.

"Dada yangu," alisema, "kuna mtu atafungwa. Nisaidie nini cha kufanya, hata kama si kazi yako."

Upande wa pili sauti laini ikashuka, ikawa ya mtu.

"Kuna kompyuta nyingine yoyote iliyowahi kufungua kisanduku hicho? Ya zamani, iliyowekwa tu?"

Moyo wa Bi Harusi uliruka. Ilikuwepo. Ile ya mwanzo, yenye mgongo mkubwa, ambayo Mama Mkwe aliitumia miaka yote hadi iliponunuliwa hii mpya. Ilipelekwa karakana ikawa ya kufungulia michoro na kupigia muziki, na tangu siku hiyo haijaonja intaneti, kwa sababu haikamati mtandao wa hewani na waya haukuwahi kufika. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wa kale, na mbachao wetu huo ulikuwa umekaa kwenye vumbi la chuma.

"Ipo," alisema.

"Basi barua zote zimo humo, na Pipa limo limejaa kama lilivyokuwa. Lakini nisikilize vizuri. Usiiunganishe na intaneti. Ikigusa mtandao tu, itakuja kutazama kwetu huku, itakuta Pipa ni tupu, na yenyewe italimwaga la kwake ili vifanane. Iwasheni ikiwa peke yake. Umenielewa?"

Bi Harusi aligeuka, uso umeng'aa, akamwita Mama Mkwe. Alimwambia kuna matumaini, ile kompyuta ya karakana ina kila kitu.

"Hilo hata mimi nimelifikiria," alisema Mama Mkwe, naye uso umefunguka. "Nimemwambia mumeo sasa hivi, akakubali. Tena amesema haina maana bila mtandao, kwa hiyo amempigia Cheche avute waya aiunganishe. Waya wenyewe ulikuwa tayari. Atakuwa anamalizia."

Simu ya mkononi ilibaki mezani, dada wa huduma akiwa bado anasema haloo. Bi Harusi aliikwapua ya ofisi, akapiga karakana. Ikaita. Ikaita hadi ikachoka. Mafundi walikuwa kwenye mashine za kukata, na penye mashine za kukata hata radi ingepiga hodi isingesikika.

Akatoka mbio.

Karakana haiko mbali na ofisi, lakini umbali hupimwa na haja. Viatu vyake vya ofisini vilimsaliti mbele ya duka la magodoro, akavivua akavishika mkononi. Alipita uchochoro wa mafundi cherehani, akamkosakosa mtu aliyebeba kioo, akatukanwa, akaomba radhi bila kugeuka. Mbao zilikuwa zikishushwa kutoka kwenye lori na zimeziba njia. Alipita chini yake. Mpakuzi mmoja alimuuliza kama anafukuza mume au anamkimbia, wenzake wakacheka, na siku nyingine angemjibu.

Alikuwa akiomba. Alikuwa akiomba Cheche awe mvivu leo, awe amekosa bisibisi, awe amekwenda kunywa maji. Lakini Cheche si mvivu. Tangu ajali ile hajagusa chuma, na mtu wa namna hiyo akipewa kazi ya kuvuta waya huivuta kama anajivuta mwenyewe kutoka kisimani.

Alimkuta amepiga magoti chini ya meza. Kompyuta ilikuwa imeshawashwa na inanguruma, mgongo mweusi kwa vumbi, skrini ikianza kupata rangi. Waya wa bluu ulitoka nyuma yake, ukapita juu ya mabomba, ukaingia kwenye kisanduku cha intaneti ukutani.

"Shemeji, umekuja wakati mzuri," alisema Cheche akijipangusa. "Nimeshachomeka. Ngoja iamke."

Nyuma ya kompyuta kitaa kidogo cha kijani kilikonyeza.

Hakukuwa na muda wa kueleza. Mezani palikuwa na mkasi wa kukatia bati. Bi Harusi aliukamata kwa mikono miwili, akauma meno, akaukata waya.

Kitaa kikazima.

Cheche alimtazama, akautazama waya, akamtazama tena. Kwa sauti ya mtu anayemwonea mwenzake huruma, akauliza, "Shemeji, umepatwa na nini?"

Alimweleza huku akihema, nusu maneno, nusu ishara. Rangi ilimtoka Cheche. Wote wawili wakainama mbele ya skrini wakingoja. Mashine ile nzee iliamka kwa maringo yake yote, picha moja, halafu nyingine, halafu alama ya kuzunguka isiyokwisha. Bi Harusi alifungua barua pepe. Ikafikiri. Hakujua kama alikata mapema au alikata baada ya msiba, na kila mzunguko wa ile alama ulikuwa unamtafuna.

Kisha maandishi yakatokea chini ya skrini: hakuna mtandao. Hakuwahi kuyafurahia maneno hayo maishani mwake kama siku hiyo. Akabonyeza Pipa.

Zikamwagika barua kama maharage kutoka guniani, za mwaka jana, za mwaka juzi, za enzi za marehemu, zote zimepangana, zote zimo.

Cheche aliweka kiganja juu ya kinywa. Bi Harusi akaandika neno "ukumbi" akatafuta, na baada ya muda mfupi barua ya mchoraji ikafunguka mbele yao na mchoro wake. Ilikuwa kama Mama Mkwe alivyoapa. Vipandio vya ngazi ya nje, bamba la chuma, milimita tatu.

Kijana mzima alikaa chini kwenye vumbi akalia. Hakulia kwa kelele. Alilia kama mtu anayetua mzigo.

"Mchoro wa karatasi niliopewa ulipotea," alisema. "Nikaanza kudhani labda nilisoma vibaya. Kaka aliniwekea mabamba mezani, nikachomelea nilichokikuta. Nakwenda kila siku hospitali kumpelekea yule mama matunda, shemeji. Ananiombea dua. Hajui kwamba ni mimi niliyechomelea ile ngazi. Nilikuwa najiuliza nitamwambiaje."

"Utamwambia ulifuata mchoro," alisema Bi Harusi, na machozi yakimtoka yeye pia. "Inuka. Nenda kamwite Mama, na ukimkuta mkaguzi njoo naye. Mimi siondoki hapa."

Cheche aliondoka akikimbia, mara ya kwanza tangu siku ile ya ajali.

Hapa msomaji angependa tupumzike, na mimi pia. Bi Harusi alibaki peke yake, akatafuta simu yake apige picha ya skrini, akakumbuka aliiacha ofisini. Hana karatasi, hana printa, hana chochote cha kunakilia. Ushahidi wote ulikuwa ndani ya boksi lile kongwe na ungebaki humo hadi watu wafike. Akaamua kukaa kitako na kulilinda. Na kwa kuwa mikono haitulii mtu akiwa na wasiwasi, akaanza kuteremsha zile barua, moja baada ya nyingine, ahakikishe hakuna iliyoharibika.

Ndipo akaiona nyingine. Mchoraji yule yule, ngazi ile ile, siku chache baadaye. Kichwa chake kilikuwa na neno moja la ziada: marekebisho.

Aliifungua akitarajia mambo ya rangi au ya vishikio.

Mchoraji aliandika kwamba anaomba radhi, mchoro wa kwanza alikosea. Ngazi ya nje itabeba watu wengi kwa pamoja, kwa hiyo bamba la vipandio liwe la milimita sita, si tatu. Aliomba wasianze kukata kabla hawajamjibu.

Na alijibiwa. Jibu lilikuwa papo hapo chini yake, fupi na la adabu. "Nimekuelewa. Tutatumia la sita. Ahsante." Chini yake palikuwa na jina la mtu aliyemwoa.

Baada ya kujibu aliisukuma barua pipani, kama alivyolelewa. Kwao barua ikishajibiwa ndiko inakokwenda.

Bi Harusi aliisoma tena, akitafuta pa kukosea. Akapakosa. Mambo yakaanza kujipanga yenyewe kichwani mwake na hakuweza kuyazuia. Kidole cha asubuhi, pale, mke wangu, limwage lote. Lile busu la kisogoni. Hajui lolote lililoandikwa. Na huu waya wa bluu, uliokuwa tayari, ambao aliyeuagiza amesomea kompyuta kuliko wote katika familia hii na anajua vizuri kompyuta ya zamani hufanya nini ikigusa mtandao.

Alimpenda mtu yule. Niseme wazi, asije mtu akadhani alikuwa anatafuta sababu. Alimpenda hadi pale, na pale alipokuwa anasoma bado alimpenda. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo yenyewe si umeivaa kwa hiari yako?

Akawaza mambo ya haraka. Akawaza kuifuta hiyo ya pili tu, ya kwanza ibaki. Cheche atapona, mumewe atapona. Atakayeangamia ni mchoraji, mtu asiyemjua, aliyekosea akasahihisha kosa lake na kuomba radhi. Mkono wake ulikuwa kwenye kipanya. Alishawahi kubonyeza mara moja leo, na mara moja ilitosha.

"Nimeleta waya mwingine."

Meneja alikuwa amesimama nyuma yake. Waya ulikuwa mpya, bado uko ndani ya nailoni. Shati halikuwa limenyooka tena, kifuani palikuwa na jasho.

Alisema amepita dirishani akaona ule wa kwanza umekatika, akarudi dukani. Alisema kwa upole asogee kidogo amsaidie kuchomeka, mashine kama hii haifungui vizuri bila mtandao.

"Inafungua vizuri," alisema Bi Harusi.

Meneja alitazama skrini. Halafu akaacha kuitazama.

"Umesoma."

"Nimesoma."

Mashine za mafundi zilikuwa zimenyamaza kwa ajili ya mapumziko. Meneja aliichana nailoni taratibu. Alieleza, na alieleza kama mtu aliyejifunza maneno yake kwa muda mrefu. Barua ya pili ilikuja mabamba ya tatu yakiwa yameshanunuliwa na kukatwa. Ukumbi ulikuwa unafunguliwa mwisho wa wiki hiyo. Alijibu sawa ili apate muda, akidhani atabadilisha baadaye, akidhani la tatu lingehimili. Siku zikapita, ngazi ikahimili, akaona Mungu amesitiri. Hakuna aliyekusudia mtu aumie.

"Na mdogo wako?"

"Nitamlipia wakili. Sitamwacha."

"Umeshamwacha," alisema Bi Harusi. "Umemtuma avute mwenyewe waya wa kumfunga."

Hilo lilimfikia. Aliuma mdomo, macho yakajaa maji, na kwa kitambo kidogo Bi Harusi alidhani ameshinda. Kisha Meneja akapiga magoti pale pale alipokuwa Cheche, ncha moja ya waya akaitia ukutani, na ile nyingine akaisogeza nyuma ya kompyuta.

"Wewe ni mke wangu," alisema bila kuinua uso. "Hukuolewa na Cheche. Toa mkono."

Maana mkono wa Bi Harusi ulikuwa umefika kwanza. Kiganja kilikuwa kimeziba lile tundu la waya, kimebanwa kwenye bati la moto la mashine, na hakikutoka. Meneja alimshika kifundo. Hakumvuta kwa nguvu. Alimshika tu, na vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, na pete ya Bi Harusi iligongagonga mgongo wa kompyuta.

Nje pakasikika sauti. Cheche alikuwa anacheka, kicheko ambacho hakikusikika karakana kwa wiki nyingi, akimwambia mtu aangalie kichwa mlangoni, hapa pana bomba. Sauti ya pili ilikuwa ya mwanamume mgeni, kavu, ya kiofisi. Ya tatu ilikuwa ya Mama Mkwe, anahema, amekuja kwa miguu njia yote.

"Mke wangu," alinong'ona Meneja. "Nakuomba."

Mlango ukafunguka. Mama Mkwe aliingia wa kwanza, miwani machoni, Cheche nyuma yake, mkaguzi nyuma ya Cheche na faili kwapani. Alimwona mwanawe yuko magotini na waya mkononi. Alimwona mkaza mwana wake amekumbatia kompyuta. Hakuelewa, na hakujaribu kuelewa, alikuwa na haja moja tu.

"Bi Harusi, mwanangu, umeiona ile barua?"

Bi Harusi alimtazama Cheche, aliyekuwa bado anatabasamu. Alimtazama mumewe. Kiganja kilikuwa kinamuunguza.

"Nimeziona, Mama," alisema. "Ziko mbili."